Kura si Zawadi ya Wakubwa

Ndugu wasomaji, liko neno moja ambalo twalisikia mara nyingi katika mitaa yetu ya Lubumbashi, hasa uchaguzi ukiisha kupita. Twalisikia Katuba, twalisikia Kenya, twalisikia hata mbele ya mlango wa kanisa, watu wakitoka Misa. Neno lenyewe ni hili: «Si kila mtu afaa kupiga kura. Wangeachiwa wenye diploma peke yao, nchi ingepona.» Wengine huongeza: «Na wale wasio wa asili ya hapa, waende wakapige kura kwao.» Wengine tena, lakini hawa husema kwa sauti ndogo: «Mama wa nyumbani afuate tu kura ya bwana wake.»

Sisi tunaofundisha mafundisho ya dini katika jumuiya hatuwezi kuyasikia hayo na kunyamaza. Maana maneno haya si mapya. Yalisemwa hapa hapa, wakati mji wetu ulipoitwa Elisabethville. Wala hayakusemwa tu: mengine yalifanywa kuwa sheria. Basi matunda yake twayajua. Mtu akikusifia mti ambao matunda yake yalikwisha kuwaumiza baba zako tumbo, je, utaupanda uani kwako?

Twataka kusema jambo moja: kura iliyokatwa vipande haimfundishi mtu kutawala. Humfundisha kugombana na jirani yake. Tutalionyesha jambo hilo kwa mambo yaliyotokea kweli, kisha kila msomaji apime mwenyewe.

Nchi isiyo na kura

Sheria kubwa ya koloni iliandikwa Ubelgiji tarehe 18 Oktoba 1908, Kongo ilipotoka mkononi mwa mfalme Leopold II na kuwekwa chini ya serikali ya Ubelgiji. Chini ya sheria hiyo hakuna mtu aliyepiga kura katika Kongo yote. Mwafrika hakupiga. Mzungu aliyekaa hapa naye hakupiga. Mambo yaliamuliwa Bruseli, yakashuka kwa gavana mkubwa, yakashuka kwa gavana wa jimbo, yakashuka kwa mkuu wa teritwari, mpaka yakamfikia kapita, na kapita akayapigia kelele mbele ya watu. Wazee wetu waliiita serikali hiyo Bula Matari, yaani mvunja mawe. Bula Matari hakuuliza. Aliamuru.

Wazungu wa Katanga hawakuipenda hali hiyo. Mwaka wa 1944 walianzisha chama katika mji huu, jina lake UCOL, wakidai sauti zaidi kwa wakaaji wa Kizungu. Twauliza: na mfanyakazi mweusi wa Union Minière, yeye alikuwa na njia gani ya kusema neno lake? Jibu lilikwisha kutolewa miaka mitatu kabla. Desemba 1941, bei za vitu zilipokuwa zimepanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakiomba mshahara uongezwe. Tarehe 9 Desemba walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira wa mji wetu. Askari wakawapiga risasi. Makumi ya watu wakafa.

Tusipite mbio hapa, ndugu. Wale watu hawakuwa na chama cha kazi, kwa sababu sheria ya kuwaruhusu Waafrika vyama hivyo ilikuja baada ya vita, mwaka wa 1946. Hawakuwa na mshauri wa kumtuma. Hawakuwa na kura. Kwa hiyo walipeleka miili yao wenyewe uwanjani, kwani hawakuwa na kitu kingine cha kupeleka. Mahali pasipo kura, shida za watu hazikomi. Huja tu kwa mlango mwingine, na mlango huo mara nyingi una damu.

Baada ya vita serikali iliona kwamba wako Waafrika waliosoma, na ya kuwa haiwezekani kuwaacha vile vile. Ikatafuta kuwapima. Mwaka wa 1948 ikaleta kadi ya sifa njema za kiraia. Mwaka wa 1952 ikaleta daraja la juu zaidi, la kuandikishwa chini ya sheria za Wazungu. Aliyeomba kuandikishwa alichunguzwa mpaka nyumbani kwake: anakulaje, anakaaje na mke wake, nyumba yake ina usafi gani. Patrice Lumumba mwenyewe alikataliwa kwanza, akakubaliwa baadaye, mwaka wa 1954. Katika nchi ya watu zaidi ya milioni kumi na mbili, wenye kadi na walioandikishwa pamoja hawakufika elfu mbili wakati koloni ilipokaribia mwisho wake. Na hao wachache, baada ya kuchunguzwa sufuria zao na vitanda vyao, walipata kura? La, hawakupata.

Hicho ndicho kipimo cha ustaarabu wanachokitamani tena wale wasemao kura iwe ya wenye diploma. Wadhani wao watakuwa upande wa wapimaji. Lakini kipimo hakishikwi na yule anayepimwa. Leo watakuuliza diploma ya sekondari, kesho watakuuliza ya chuo kikuu, kesho kutwa watauliza chuo kipi. Mwenye kushika mizani daima ataona uzito wako haujatosha.

Desemba 1957

Ilipofika tarehe 26 Machi 1957, Ubelgiji ilitoa dekreti juu ya miji. Kwa dekreti hiyo miji ilikatwa kuwa komini, na kila komini iwe na baraza lake. Ndipo watu wa Kongo walipopiga kura mara ya kwanza: Léopoldville tarehe 8 Desemba 1957, Elisabethville na Jadotville tarehe 22 Desemba, siku tatu kabla ya Noeli. Jadotville ndiyo Likasi ya leo, na Léopoldville ndiyo Kinshasa.

Watu walifurahi, na ilikuwa haki yao kufurahi. Baba aliyekuwa akiitwa boyi hata akiwa na mvi alisimama katika mstari na kuulizwa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake: Wewe wamtaka nani? Hatudharau furaha ile. Lakini hebu tuitazame kura yenyewe ilivyokatwa.

La kwanza, ilikuwa ya miji mitatu tu. Mtu wa kijiji cha Sakania au cha Kasenga hakuulizwa neno. Miji mingine ilifuata mwaka wa 1958, lakini vijiji, ambamo ndimo wengi wa watu wetu walimokaa, viliachwa.

La pili, ilikuwa ya wanaume peke yao.

La tatu, ilikuwa ya mwanaume aliyetimiza miaka 25. Kijana wa miaka 22 aliweza kushuka mgodini, aliweza kuvaa kofia ya askari wa Force Publique, aliweza kufunga ndoa mbele ya padri na kulea watoto, aliweza kulipa kodi. Kuchagua mshauri wa mtaa wake hakuweza.

La nne, nalo ndilo kubwa, kura ile haikuamua. Serikali haikuiita hata uchaguzi. Iliiita kuwauliza watu shauri. Watu walitaja majina, kisha wakubwa wakateua washauri na wakuu wa komini kwa kutazama majina yale. Na juu ya komini zote za mji aliwekwa burgumestre wa kwanza, mtumishi wa serikali, Mbelgiji, ambaye hakuna mtu aliyemchagua.

Komini zenyewe zilipewa mambo gani? Njia za mtaa, usafi, soko, vyeti. Mshahara wa mgodini haukuwa mkononi mwao. Shaba, ambayo ndiyo iliyoujenga mji huu, haikuwa mkononi mwao. Sheria za nchi hazikuwa mkononi mwao. Ni kama mtu aliyekuita kula pamoja naye, akakupa sahani safi, akakupa kijiko, kisha akapeleka chungu chumbani na kufunga mlango.

Wabelgiji walijipima vipi?

Wako wasemao: «Wabelgiji walitaka kwenda polepole, kwa hekima, kama walivyofanya kwao.» Haya, twende kwao tukaone.

Zamani Ubelgiji ilimpa kura yule tu aliyelipa kodi kubwa. Mchimba makaa wa mawe, mfumaji wa nguo, mtumishi wa shamba, wote waliambiwa hawajawa tayari. Je, walingoja kwa hekima? Hawakungoja. Aprili 1893 wafanyakazi wa Ubelgiji waligoma nchi nzima, na damu ikamwagika, mpaka bunge likawapa kura wanaume wote wa miaka 25. Ndiyo, miaka 25 ile ile iliyoletwa Elisabethville mwaka wa 1957. Lakini hata hapo wakubwa walitafuta hila: mwenye mali aliongezewa kura, mwenye diploma aliongezewa kura, hata mtu mmoja akaweza kuwa na kura tatu, na jirani yake kura moja. Hila hiyo ilikaa mpaka mwaka wa 1919, baada ya vita kubwa. Wana wa maskini walikuwa wamekufa katika mitaro ya vita sawa na wana wa matajiri, na ikawa aibu kuwaambia walionusurika kwamba sauti zao ni ndogo. Ndipo kila mwanaume wa miaka 21 akapata kura moja. Na mwanamke wa Ubelgiji alipata kura ya bunge kwa sheria ya 1948, akaipiga mara ya kwanza mwaka wa 1949.

Basi Ubelgiji ilijua. Ilikuwa imekwisha kujifunza kwa machozi yake yenyewe kwamba kura ya vipande haileti amani. Ikalichukua vazi ililolivua kwake kwa sababu linabana, ikalivisha Kongo, ikaliita hekima.

Wala si Ubelgiji peke yake. Waingereza walifanya vile vile kwa ndugu zetu wasemao Kiswahili upande wa mashariki. Kenya, Machi 1957, Waafrika walichagua wajumbe wao wanane, nao Tom Mboya na Oginga Odinga wakiwa miongoni mwao. Lakini mpiga kura alipimwa kwa elimu, kwa mali na kwa kazi, na aliyepita vipimo vingi alipewa kura zaidi, hata kura tatu. Tanganyika, mwaka wa 1958 na 1959, mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu pamoja: Mwafrika, Mwasia na Mzungu, kana kwamba mafungu hayo matatu ya watu yalikuwa sawa kwa hesabu. Watu wa TANU walikutana Tabora Januari 1958 wakabishana sana: tuingie au tukatae? Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie, nao wakaishinda hila ile kwa kura zile zile. Twawasifu. Lakini kuishinda hila si sababu ya kuiita hila sheria njema.

Matunda ya kura ya vipande

Sasa turudi nyumbani, tuyatazame matunda.

Wakati ule wa 1957 vyama vya siasa havikuwa na nafasi katika Kongo. Vyama vya kabila vya kusaidiana, vya kuzikana na kuchangiana, hivyo viliruhusiwa. Basi fikirini, ndugu wasomaji. Umwambie mtu achague, lakini asichague juu ya mshahara, wala juu ya shaba, wala juu ya sheria, wala asiwe na chama cha watu wenye shauri moja. Atachagua kwa jambo gani? Limebaki moja: huyu ni wa kwetu au si wa kwetu?

Ndivyo ilivyokuwa. Watu wa Kasai walikuwa wengi mjini, kwani walikuwa wameitwa na kuletwa kwa kazi ya gari la moshi na ya migodi. Wengi walikuwa wamesoma, nao walishikamana. Wenyeji wa Katanga walikuwa wa makabila mengi, na kura zao zilitawanyika. Wakuu wa komini za Waafrika walipotajwa, ikaonekana ni watu waliotoka nje ya Katanga, wengi wao wa Kasai. Kukawa na manung'uniko: wageni wametuchukulia mji. Haukupita mwaka, na Oktoba 1958 vyama vya wenyeji viliungana hapa hapa Elisabethville, kikazaliwa chama cha Conakat. Godefroid Munongo alikiongoza kwanza, na mwaka wa 1959 Moïse Tshombe akakishika. Habari zilizofuata zajulikana: tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikajitenga, vita vikaja, na mwaka wa 1961 maelfu na maelfu ya Waluba walikuwa wakimbizi katika kambi ya Umoja wa Mataifa kando ya mji wao wenyewe.

Hatusemi kwamba kura ya Desemba 1957 peke yake ilileta hayo yote. Mali ya migodi ilikuwepo, mabwana wa mali hiyo walikuwepo, na tamaa za wanasiasa zilikuwepo. Lakini twasema kwamba siku ile watu walifundishwa somo la kwanza la siasa, na somo lenyewe lilikuwa baya: kwamba kuchagua ni kuhesabu damu. Mtoto akianza kuandika herufi kwa mkono uliopinda, miaka mingi baadaye herufi zake bado zinapinda.

Somo hilo halikuzikwa na koloni. Mwaka wa 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala vituoni wakingoja gari la moshi, pamoja na watoto wachanga, na wengi walikufa pale na njiani. Walikuwa wamebatizwa katika makanisa yetu. Waliimba katika kwaya zetu. Watoto wao walikuwa darasa moja na watoto wetu katika mafundisho ya komunyo ya kwanza. Basi ndugu yetu asemaye leo, labda kwa mchezo tu, «wasio wa hapa wapige kura kwao», na ajue analishika neno gani mdomoni. Neno hilo lina makaburi.

Mama zetu

Tumesema kura ya 1957 ilikuwa ya wanaume. Labda msomaji atafikiri kwamba kosa hilo lilisahihishwa upesi, koloni ilipokuwa ikiondoka. Halikusahihishwa. Mei 1960 watu walichagua wajumbe 137 wa bunge la kwanza la Kongo huru, lile lililompa Lumumba serikali. Wapiga kura walikuwa wanaume wa miaka 21 na zaidi. Mwanamke hakupiga kura. Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 ulizaliwa na baba bila mama.

Na mwanamke huyo alikuwa nani? Ni yule aliyefuata mume kambini, akafanya nyumba pasipokuwa na nyumba. Ni yule aliyeuza mboga na dagaa ili mshahara ufike mwisho wa mwezi. Tena katika sité za Kongo ya Wabelgiji mwanamke aliyehesabiwa kuwa aishi peke yake, bila bwana, alitozwa kodi yake mwenyewe. Kulipa aliweza, kuchagua hakuweza. Aliyeona kwamba mkono wa mwanamke wafaa kutoa faranga, alionaje kwamba mkono ule ule haufai kuandika jina?

Mwaka wa 1966 mama mmoja, Sophie Kanza, akawa waziri, wa kwanza katika nchi yetu. Ilipokuja katiba ya 1967, haki ya mwanamke kupiga kura ilikuwa imeandikwa. Je, nchi ilianguka kwa sababu mama wamepiga kura? Waliotuangusha twawajua, na wengi wao walivaa suruali na tai.

Kwa hiyo mume amwambiaye mkewe, «Utapiga pale nitakapokuonyesha», amemnyang'anya kitu ambacho si chake. Padri Mkatoliki hamwulizi mume juu ya dhambi za mke wake. Kila mtu aungama peke yake, kwani kila mtu ana dhamiri yake. Papa Pio XII aliwahutubia wanawake wa Italia mwaka wa 1945, kabla hawajapiga kura mara ya kwanza, akawaeleza kwamba kushiriki katika mambo ya nchi ni wajibu wao. Wala hakuwaambia kwamba wajibu huo waume zao waweza kuutimiza badala yao.

Wasemao «hawajawa tayari»

Tuwajibu sasa wenye hoja.

Wasema: «Mtu asiyesoma hununuliwa kwa tisheti, kwa chumvi, kwa kilo ya unga.» Twajibu: yako mambo hayo, na ni dhambi, nasi twayakemea kila mara. Lakini mnunuzi ni nani? Tisheti haijichapishi yenyewe. Anayeileta kwa gari ni mtu mwenye diploma. Anayeandika hesabu za uwongo ni mtu mwenye diploma. Aliyekula fedha za barabara na za hospitali ni mtu aliyesoma, tena wengine walisoma katika shule zetu za misioni. Ikiwa rushwa ndiyo sababu ya kumnyima mtu kura, tuanze na mnunuzi, ndipo tumfikie mama aliyeshikwa na njaa.

Wasema: «Asiyejua kusoma hajui mambo ya nchi.» Twajibu: mama wa soko la Kenya ajua bei ya unga wa leo na ya mwaka jana, ajua njia ipi haipitiki mvua ikinyesha, ajua askari yupi anataka kitu. Hayo ndiyo mambo ya nchi. Karatasi na mashine za kura zina picha na namba, naye jicho analo. Kusoma ni jambo jema sana, nasi twafanya kazi hiyo usiku na mchana. Lakini elimu humsaidia mtu kutumia haki yake, haimpi ruhusa ya kuwa mtu.

Wasema tena: «Siasa ni uchafu, Mkristu akae mbali.» Twajibu: maaskofu wa Kongo na Ruanda-Urundi, wakati huo karibu wote Wazungu, walitoa tangazo tarehe 29 Juni 1956, mwaka mmoja na nusu kabla ya kura ya kwanza. Walifundisha kwamba wakaaji wote wa nchi wana wajibu wa kufanya kazi kwa ajili ya mema ya wote, na kwa hiyo wana haki ya kushiriki katika kuendesha mambo ya nchi. Walisema wakaaji wote. Hawakuweka umri wa 25, hawakuweka kadi, hawakuweka suruali. Basi serikali iliyojua kuwasikiliza maaskofu juu ya mambo mengine, neno hilo ililipunguza kabla ya kulitumia.

Tena tusome Matendo ya Mitume, sura ya sita. Wajane wa upande wa Wagiriki walinung'unika kwamba wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Ilikuwa neno la chakula na neno la kabila pamoja, kama yetu. Mitume walifanya nini? Hawakuteua rafiki zao kwa siri. Waliita mkutano wote wa wanafunzi, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema, na waliochaguliwa ndio waliowekewa mikono. Mitume walikuwa na mamlaka kutoka kwa Yezu mwenyewe, na bado waliwauliza watu. Gavana wa koloni alikuwa na mamlaka makubwa kuliko Petro?

Na leo je?

Msomaji ataweza kusema: hayo ni ya zamani, Wabelgiji wamekwenda. Wamekwenda, ndiyo. Lakini tuangalie kiti walichokiacha.

Katiba yetu ya 2006 iliahidi komini zenye kujiendesha zenyewe. Sheria ya 2008 ikasema mkuu wa komini achaguliwe na washauri waliochaguliwa na watu. Ukaja uchaguzi wa 2006, ukaja wa 2011, ukaja wa 2018. Tulichagua rais, tulichagua wajumbe. Washauri wa komini hawakuchaguliwa hata mara moja. Miaka ile yote, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba, Annexe na komini ya Lubumbashi ziliongozwa na watu walioteuliwa kutoka juu. Ni tarehe 20 Desemba 2023 tu ndipo washauri wa komini walipochaguliwa, tena katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Kijiji kiliachwa tena. Hesabuni, ndugu: toka tarehe 22 Desemba 1957 mpaka tarehe 20 Desemba 2023 ni miaka 66 kasoro siku mbili. Na mtu wa kijiji bado aliambiwa angoje.

Siku ile ile ya 2023 watu wa Masisi, wa Rutshuru na wa Kwamouth hawakupiga kura, kwa sababu ya vita na hatari. Mwaka wa 2018 watu wa Beni, Butembo na Yumbi waliondolewa katika kura ya rais, wakaitwa Machi 2019, rais akiisha kuapishwa. Sababu zilitolewa: ugonjwa wa Ebola, usalama. Sababu hazikosekani kamwe. Hata mwaka wa 1957 zilikuwepo sababu, tena zilizoandikwa vizuri kwa mashine. Lakini mtu aliyeachwa nje hajali sana uzuri wa sababu. Hujifunza kwamba nchi si yake.

Basi tufanyeje? Twatoa maneno matatu kwa jumuiya zetu.

Kwanza, kila jumuiya ijue majina ya washauri wa komini yake. Tukimjua mtakatifu msimamizi wa kila parokia, haitushindi kumjua mtu aliyeomba kura yetu. Tumwite, aketi katikati yetu, tumwulize: kodi ya soko imekwenda wapi? Mtaro wa maji machafu utazibuliwa lini? Asipokuja mara ya kwanza, aitwe mara ya pili.

Pili, wakati wa kujiandikisha ukifika, asiachwe mtu nyumbani: bibi asiyeweza kutembea achukuliwe, kijana wa miaka 18 asindikizwe, jirani wa asili ya Kasai na jirani wa asili ya Katanga waende mstari mmoja. Na mume asiishike kadi ya mkewe mfukoni mwake.

Tatu, wako miongoni mwetu wanaotumwa na Eklezya kuangalia uchaguzi. Mwaka wa 2018 maaskofu walituma waangalizi 40,000 nchini kote. Kazi hiyo ni nzito, nayo ina hatari, tusiwaachie wachache. Anayejua kuhesabu sadaka ya Jumapili mbele ya wenzake ajua kuhesabu kura.

Wale wapendao kupunguza wapiga kura hawatakoma. Watarudi na jina jipya la kipimo kile kile, na watazungumza kwa upole. Tuwaulize swali moja tu: katika kipimo chako, ni nani atakayetoka, na nani alikutuma kumtoa? Wakishindwa kujibu, wasimame nasi mstarini, nyuma ya mama wa soko aliyewahi kufika alfajiri.